Maua ya Masisi yanataka baridi, ya Walikale yanaikimbia

GOMA – Anayenunua maua mabichi Ijumaa kwa ajili ya ndoa ya Jumamosi, au kwa kumsindikiza marehemu makaburini, anaijua hasara hii: mawaridi yameinamisha shingo kabla ibada haijaisha, na arumu zilizokuwa nyeupe asubuhi zimekuwa kahawia pembeni. Muuzaji naye anajua hasara yake. Kabichi iliyobaki jioni huuzwa kesho kwa bei ya chini. Ua lililolala huanikwa na jua, na kesho halina mnunuzi.

Ndiyo maana maua ya plastiki yamejaa madukani. Hayanyauki, hayaombi maji, na familia ikishayanunua kwa kilio kimoja inaweza kuyatumia tena kwenye kingine. Lakini kila shada la plastiki linalowekwa juu ya kaburi ni fedha iliyokwenda kiwandani mbali, wakati kwenye milima ya Masisi arumu zinaota kando ya mifereji bila mtu wa kuzikata, na Walikale zile heliconia nyekundu zenye umbo la midomo ya kasuku zinazeeka kwenye nyua za parokia na shule.

Maua haya yakitunzwa vizuri yanaweza kukaa. Mengine hukaa wiki moja, anthurium hukaa mbili na zaidi. Shida kubwa ni kwamba wengi wetu tunayatunza yote kwa namna moja, kana kwamba yote yametoka bustani moja. Hayakutoka bustani moja.

Wilaya mbili, hali mbili za hewa

Wilaya ya Masisi ni nchi ya milima. Sehemu nyingi za malisho yake ziko juu ya mita 2,000, na usiku mtu hulala na blanketi mbili. Huko hustawi arumu, otansia, dahlia, glayeli, agapanti na mawaridi. Ukishuka kuelekea magharibi kufuata barabara ya Nyabiondo, hewa inabadilika, milima inapungua, na unaingia wilaya ya Walikale, kwenye msitu wa bonde la mto Congo. Mji wa Walikale wenyewe, karibu na mto Lowa, uko chini ya mita 1,000. Joto na unyevu haviondoki, usiku wala mchana. Huko ndiko kwao na heliconia, anthurium, tangawizi nyekundu ya mapambo, na lile ua la waridi linalong'aa kama sahani, ambalo waliosoma Kifaransa huliita waridi la porseleni.

Nimesema kwao, lakini karibu yote ni wageni waliozoea. Arumu ilitoka Afrika Kusini, dahlia Mexico, heliconia na anthurium zilitoka Amerika ya kitropiki, waridi la porseleni Asia ya Kusini-Mashariki. Wameshakaa hapa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayewauliza karatasi.

Tofauti ya asili yao inaonekana mara tu yanapokatwa. Ua lililokatwa bado linapumua, na linatumia sukari iliyobaki kwenye shina lake. Joto likiongezeka linapumua haraka na kumaliza akiba yake mapema. Kwa hiyo ua la mlimani kama waridi au arumu ukiliweka kwenye baridi, hata ya nyuzi 4, unaliongezea siku. Sekta yote ya mawaridi ya Naivasha, Kenya, imejengwa juu ya jambo hilo moja: ua linakatwa, linawekwa kwenye maji, linaingizwa kwenye chumba cha baridi, linapanda gari la baridi hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, kisha ndege hadi Ulaya. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Milima ya Masisi iko sawa na hapo au juu zaidi, na udongo wa volkeno tunao. Wenzetu wanachotuzidi ni barabara na umeme.

Ua la Walikale ni kinyume kabisa. Heliconia, anthurium na tangawizi nyekundu huumia joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi. Frigo ya kawaida ya vinywaji iko kwenye nyuzi 4 au 5. Mtu anayepokea heliconia Goma na kuziweka kati ya chupa za bia ili zisiharibike anaziua kwa mkono wake. Ubaya ni kwamba kifo chenyewe hakionekani papo hapo. Ua linatoka ndani ya frigo likiwa zuri, kisha baada ya siku moja au mbili linaanza kupata weusi pembeni, anthurium inageuka rangi ya zambarau iliyochafuka, na lawama zote zinamwangukia aliyelisafirisha.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kujua ua limetoka wapi. La mlimani, litafutie baridi. La msituni, litafutie kivuli, unyevu, na mahali pasipo na upepo. Chumba cha kawaida cha nyumba ya Goma, mbali na dirisha lenye jua, kinalitosha.

Kukata ni nusu ya kazi

Wakati mzuri wa kukata ni alfajiri, kabla jua halijapiga, maana usiku mmea umejaza maji. Kata kwa kisu kikali kilichooshwa. Makasi butu yanaminya shina na kufunga mirija yake, na kule kuponda ncha ya shina kwa jiwe, ambako wazee wengi walitufundisha kwamba kunafungua njia ya maji, kunafanya ubaya huohuo. Mirija iliyopondwa hainywi vizuri, na inakuwa nyumba ya bakteria.

Arumu ina desturi yake: wengi huivuta toka chini badala ya kuikata, shina linatoka zima. Ikiwekwa kwenye maji, ncha ya shina hupasuka na kujikunja kama maganda ya ndizi. Funga ncha kwa utepe au uzi kabla ya kuiweka na itatulia. Osha mikono baadaye, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi na koo, na watoto wasipewe kuchezea.

Kisha kuna swali la umri wa ua. Waridi hukatwa likiwa bado tumba lililoanza kulegea. Litaendelea kufunguka nyumbani. Glayeli hukatwa ua moja au mawili ya chini yakianza kuonyesha rangi. Lakini dahlia, heliconia na waridi la porseleni hayaendelei kufunguka vya kutosha baada ya kukatwa. Anayekata heliconia ikiwa imefumba, akitumaini itafunguka Goma, atauza kitu kilichofumba. Anthurium hungoja hadi ule mkia wake wa katikati uwe umekomaa angalau nusu. Ikikatwa changa mno, inanyauka haraka.

Njiani

Kati ya Masisi-centre na Goma ni kilomita takriban 80. Kwenye karatasi ni safari ya asubuhi moja. Wakaaji wa huku wanajua kwamba karatasi haina matope, haina vizuizi vya barabarani, na haina siku ambazo njia ya Sake inafungwa kwa sababu ya mapigano. Watu wa Walikale ndio walio na taabu zaidi. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, hata njia ya angani iliyokuwa ikileta mizigo imekatika, na Machi mwaka huohuo vita vilifika Walikale-centre kwenyewe. Kuzungumzia maua katikati ya hayo kunaweza kuonekana kama mchezo. Lakini ndoa hazikusimama, na vilio vimeongezeka.

Masisi waliwahi kupata jibu kwa barabara mbaya. Maziwa hayangojei lori lililokwama, kwa hiyo wafugaji waliyageuza kuwa fromaji, ile duara ya Masisi inayofika Goma ikiwa nzima na hata Kinshasa. Wakati wa Wabelgiji, pareto ya milima ya Kivu nayo ilisafiri bila haraka, maana ua lake hukaushwa kwa ajili ya dawa ya wadudu na hakuna anayelitaka bichi. Arumu haigeuki fromaji. Inabidi ifike mbichi, na mzigo wote wa kazi unahamia njiani.

Jambo ambalo linawashangaza wengi ni ndizi. Lori linaloshuka na mikungu ya ndizi, mananasi na mapapai likiwa limefungwa turubai, na maua yamelazwa juu yake, linabeba sumu bila dereva kujua. Tunda linaloiva hutoa hewa inayoitwa etileni. Ndiyo hewa hiyo inayofanya ndizi moja iliyoiva kuivisha wenzake ndani ya gunia. Kwa ua, kuiva ni kuzeeka: agapanti huangusha maua yake madogo, karnesheni hujifunga kama mtu aliyelala, mawaridi huacha petali. Moshi wa injini na wa makala una hewa hiyohiyo, kwa hiyo fungu lililofungwa nyuma ya moto karibu na ekzosi, au lililolazwa jikoni karibu na imbabura, lina siku chache. Heliconia na tangawizi nyekundu hazisumbuliwi sana na etileni. Maua ya mlimani, hasa yale niliyoyataja, yasafiri mbali na matunda. Kama nafasi ni moja tu, turubai liachwe wazi upande mmoja hewa ipite.

Glayeli haipendi kulazwa. Ncha yake hutafuta juu hata baada ya kukatwa, kwa hiyo ikilala saa kadhaa juu ya mzigo inafika Goma imepinda kama ndoano, na haitanyooka tena. Isafiri imesimama ndani ya ndoo. Motari mmoja anaweza kubeba bidoni mbili zilizokatwa juu, moja kila upande, zenye maji ya kina cha vidole vinne tu. Maji mengi zaidi yanamwagika bure na kuongeza uzito.

Kwa maua ya Walikale, ndoo si lazima. Heliconia hunywa maji kidogo sana kwa shina lake. Mengi huyapata na kuyapoteza kupitia mwili mzima. Kabla ya safari izamishwe yote ndani ya maji safi dakika 10 hadi 15, ikung'utwe, kisha izungushiwe majani mabichi ya mgomba au karatasi yenye unyevu. Inaposimama njiani inyunyiziwe. Ni kazi ileile ambayo kila mama wa soko anaifanya kwa lengalenga na sombe mchana kutwa. Lakini asiifanye kwa mawaridi: tone la maji linalolala kwenye petali za waridi usiku kucha huleta ukungu wa kijivu, na madoa yake hayatoki.

Maji ya Goma

Hapa ndipo mji wetu una shida yake ya pekee. Maji mengi tunayotumia yanatoka ziwa Kivu. Maji ya ziwa hilo yana chumvi nyingi za madini na ni ya alkali, pH yake ya juu ya ziwa ikiwa karibu 9. Ua lililokatwa linapenda kinyume chake: maji yenye uchachu kidogo, pH kati ya 3.5 na 5, hupanda ndani ya shina kwa urahisi zaidi na huzuia bakteria kuongezeka. Maji ya ziwa yana pia floridi, kama maji mengi ya nchi ya volkeno, na glayeli pamoja na jerbera huungua ncha za petali kwa floridi hata iwe kidogo. Kwa hiyo mtu wa Goma ambaye glayeli zake zinaungua pembeni kila mara asimlaumu muuzaji haraka. Huenda ni bomba.

Maji ya mvua ni bora, yakikusanywa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Isipokuwa kwa walio chini ya upepo wa Nyiragongo, upande wa Rusayo na Sake: wakati mlima unatoa moshi mwingi, mvua ya huko hushuka na asidi na floridi ya volkeno, na haifai kwa glayeli wala kwa kunywa.

Asiye na maji ya mvua anatumia limau. Mchanganyiko unaotumika sehemu nyingi kwa maua ya mlimani ni huu: lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya limau, na kijiko kimoja cha chai cha javeli. Sukari ni chakula, limau hurekebisha uchachu, javeli huua bakteria. Kila kimoja kitiwe ndani ya maji kwa zamu yake. Limau na javeli visikutanishwe vikiwa vikali, bila maji, kwa sababu vinatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Sukari bila javeli ni kosa la kawaida: unawalisha bakteria, maji yanakuwa na utelezi siku ya pili, na shina linaziba. Soda nyeupe ya limau, ambayo vijana hupenda kuitumia, inasaidia kwa sababu hiyohiyo ya uchachu na sukari, lakini nayo bila javeli inaoza. Sarafu ndani ya chombo haina kazi.

Kwa maua ya Walikale, mchanganyiko huu hauna faida kubwa. Maji safi, yanayobadilishwa kila baada ya siku mbili, pamoja na kunyunyizia asubuhi na jioni, yanatosha.

Chombo kioshwe kwa sabuni kama sahani ya kulia. Majani yote yatakayokaa chini ya maji yatolewe, kwa maana jani linalooza ndani ya maji ndilo linaloanzisha harufu. Na kila maji yanapobadilishwa, ncha ya shina ikatwe tena sentimita mbili, kwa mshazari, ikiwezekana ikiwa ndani ya beseni la maji. Shina likikatwa hewani linavuta pumzi: kipovu cha hewa kinaingia kwenye mrija na kufunga njia ya maji. Mawaridi mengi yanayoinama shingo Goma hayajazeeka, yana kiu na chombo kimejaa maji.

Kanisani na makaburini

Wapambaji wa mahekalu na kumbi hutumia lile povu la kijani linalonyonya maji, lililobuniwa Marekani mwaka 1954. Ni zuri, lakini linanunuliwa kwa dola, na likishakauka mara moja halinyonyi tena vizuri. Mahali pengi pa Afrika Mashariki watu hutumia kipande cha shina la mgomba, na Kivu haina upungufu wa migomba. Shina hilo limejaa maji, linashika ua likiwa limesimama, na likisha kazi linarudi shambani. Likatwe siku hiyohiyo, maana la jana linatoa utomvu mweusi unaochafua nguo ya meza. Linafaa kwa siku moja au mbili, ambazo ndizo siku za ndoa.

Makaburini shida ni jua na mawe. Jiwe jeusi la volkeno linashika joto toka saa nne asubuhi, na shada lililolazwa juu yake linapikwa kutoka chini. Weka majani ya mgomba au nyasi mbichi katikati. Katika shada lenyewe, arumu na heliconia ndizo zinazovumilia. Otansia ndiyo ya kwanza kulegea, kwa kuwa inapoteza maji kwa petali zake nyingi. Otansia ina bahati moja lakini: ikilegea, kichwa chake kizima kikizamishwa ndani ya maji ya baridi kwa saa moja, mara nyingi kinaamka. Na ikiachwa ikauke polepole kichwa chini, ndani ya nyumba pasipo jua, inabaki na rangi yake kwa miezi. Familia inayotaka kitu cha kudumu kaburini ingeweza kuanza na hiyo kabla ya plastiki.

Kwa muuzaji anayeshuka kutoka Masisi, kitu cha mwisho ni kizuizi. Lori likisimamishwa Sake kwa saa mbili, maua hayajui kwamba dereva anajadiliana. Fungu lishushwe, lisimamishwe kwenye kivuli cha lori, maji yaongezwe kwenye bidoni, na ncha zikatwe tena kabla ya kuondoka. Waridi lililokwisha kuinama lilazwe lote ndani ya beseni mara tu linapofika Goma, shina na kichwa, saa moja, baada ya kukatwa ncha. Kisha likung'utwe vizuri na lisimamishwe kwenye maji ya limau hadi asubuhi. Likiamka limenyooka, linauzwa. Likiwa bado limeinama, limekwisha, na lisichanganywe na mengine.